Msingi Umepasuka: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Mafundi

Barua za safari hii karibu zote zinaanza na ufa. Tumezipanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe: kupima, kuchimba, na kuziba mwishoni kabisa, ingawa wengi waliotuandikia tayari wamekwisha kuziba.

SWALI: Nyumba yangu ina miaka tisa. Upande wa bafu kuna ufa unaoanzia pembe ya juu ya dirisha, unapanda ngazi kwa ngazi kuelekea kona. Juu sarafu inaingia, chini huoni kitu. Nimeziba kwa lipu mara mbili, umerudi mara mbili. Fundi anasema msingi umekwisha, tubomoe kona nzima. Nifanyeje?

Ndugu msomaji, usibomoe kona bado, na usizibe tena. Ufa ulio wazi ni kipimo cha bure. Ukiujaza lipu umeuziba mdomo.

Kwanza usome. Ufa mpana juu na mwembamba chini maana yake ncha ya ukuta inashuka, na ukuta unavunjika kama kijiti juu ya goti. Ungekuwa mpana chini na mwembamba juu, tungeshuku kuwa katikati ya ukuta ndipo panapozama. Ufa wa kulala, ulionyooka chini ya mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu, mara nyingi ni habari ya paa na joto la jua, msingi hauhusiki. Vijinyufa vilivyosambaa kama utando wa buibui ni lipu iliyokauka haraka, basi. Kwa ufa wa mshazari kama wako kuna njia rahisi: chora mstari unaoukata ufa kwa pembe mraba. Ncha ya mstari huo inayoelekea chini ndiyo inayokuonyesha panapozama. Kwako itaelekea kona ya bafu, na hilo neno bafu ndilo lililotushtua katika barua yako kuliko ufa wenyewe.

Upana nao una lugha yake. Ufa usiozidi milimita 1 ni suala la rangi. Kufika milimita 5, ukuta unahitaji matengenezo lakini nyumba haiko hatarini. Kati ya 5 na 15, milango huanza kukwama na mabomba huweza kukatika. Ukizidi 15 muite mhandisi kabla ya fundi, na ukizidi 25 egemeza ukuta kwa mirunda siku hiyohiyo. Sarafu yako inakuweka kwenye kundi la pili: kuna muda wa kuchunguza.

Pigilia misumari mitatu midogo ya zege, miwili upande mmoja wa ufa na mmoja upande wa pili, iwe pembetatu yenye pande za sentimita 10. Misumari miwili ingekuonyesha ufa ukipanuka tu. Ule wa tatu unaonyesha kama upande mmoja unateleza kwenda chini. Pima kila wiki, saa ileile ya siku kwa sababu ukuta hutanuka juani, andika tarehe. Kiraka cha jasi juu ya ufa ni kizuri pia, kikipasuka unajua ukuta bado unatembea, ila hakikuambii umetembea kiasi gani.

Wakati vipimo vinaendelea, tafuta maji. Funga mabomba yote jioni, soma mita ya maji, isome tena baada ya saa mbili. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja. Kwa maji machafu mita haisaidii: mwaga rangi ya chakula kwenye tundu la bafu, kisha chimba shimo la uchunguzi kando ya kona, urefu mita 1, upana sentimita 60, mpaka usawa wa chini ya msingi lakini si chini yake. Ukiona rangi ndani ya shimo, kazi ya upelelezi imekwisha. Maji yanayovuja hubeba chembe ndogo za udongo moja moja mpaka msingi unabaki umekalia hewa.

Ukiwa humo shimoni, chukua nondo ya milimita 12 na uisukume kwa mikono tu kwenye udongo ulio sakafuni mwa shimo. Ikizama sentimita 20 au 30 bila nyundo, udongo umelainika. Ikigoma baada ya sentimita chache, msingi umekalia mahali pazuri na fundi wako anataka kubomoa bure.

Rekebisha bomba. Hakikisha maji ya paa yanapelekwa mbali, na kwamba ardhi inashuka angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Kisha endelea kupima, isipungue miezi sita, na iwe imegusa mvua na kiangazi. Kona nyingi hutulia hapo. Ikitulia, ruka moja kwa moja hadi swali la mwisho la ukurasa huu. Isipotulia, soma linalofuata.

SWALI: Mhandisi amethibitisha kwamba udongo chini ya upande mmoja wa nyumba, mita 9.6, ni laini, na kwamba udongo mgumu uko nusu mita chini zaidi. Tunatakiwa kuchimba chini ya msingi na kumwaga zege jipya. Fundi anataka kuchimba upande wote kwa siku mbili ili kazi iende. Kuna hatari?

Ipo, na ndiyo inayoangusha kuta juu ya mafundi. Ukuta unaweza kujibeba juu ya pengo fupi kwa sababu matofali yanasaidiana kama upinde. Juu ya pengo la mita tisa hauwezi. Kazi hii hufanywa kwa vipande, na vipande viwili jirani havifunguliwi kwa pamoja hata siku moja.

Gawa mita 9.6 katika vipande vinane vya mita 1.2, andika namba 1 hadi 8 ukutani kwa chaki. Mzunguko wa kwanza chimba 1 na 5. Wa pili, 3 na 7. Wa tatu, 2 na 6. Wa mwisho, 4 na 8. Kwa mpango huu robo tu ya ukuta huwa wazi kwa wakati mmoja, na kila kipande kinapochimbwa majirani zake wamesimama imara. Kabla ya kuanza, shusha uzito: toa maji yote kwenye tangi lililo juu ya ukuta huo, na egemeza madirisha na milango kwa mirunda, maana tundu la dirisha ndilo udhaifu wa ukuta.

Kwa kila kipande, chimba shimo la kusimamia fundi nje ya ukuta, kisha ingia chini ya msingi kwa upana wote wa msingi, tuseme sentimita 60, na kina cha sentimita 58 kutoka tumbo la msingi wa zamani. Shimo likizidi kina cha mita 1.2, weka mbao za kuzuia kingo. Fundi achimbe kwa mkono na jembe, kichwa kibaki nje. Sugua tumbo la msingi wa zamani kwa brashi ya waya mpaka udongo wote utoke; ukiuacha, zege jipya litabeba tope badala ya kubeba nyumba. Sakafu ya shimo iwe ngumu na kavu. Mvua ikinyesha kabla ya kumwaga, kwangua tope lote, usilifunike.

Pigilia nondo nne za milimita 12, urefu sentimita 80, kwenye kingo za udongo za kila upande wenye jirani ambaye bado hajachimbwa: nusu ndani ya udongo, nusu ndani ya shimo. Utakapochimba kipande cha jirani utazikuta zinakusubiri. Zisafishe, zifungie zege, na vipande vyote vinakuwa kitu kimoja.

Sasa zege, 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, maji lita 25 hivi, na uyapunguze mchanga ukiwa na unyevu. Mwaga sentimita 50 tu, shindilia kwa nondo au mashine ya kutikisa, na acha pengo la sentimita 7 hadi 8 chini ya msingi wa zamani.

Pengo hilo ndilo linaloharibiwa na mafundi wengi wenye haraka. Wanamwaga zege mpaka liguse juu, wanaona limejaa, wanafukia. Lakini zege hushuka kidogo linapokaa na husinyaa linapokauka, hivyo baada ya wiki kuna nafasi ya milimita kadhaa isiyoonekana, na ukuta utashuka hizo milimita kadhaa. Umetumia pesa zote hizo kununua ufa mpya. Subiri saa 48, kisha jaza pengo kwa mota, yaani saruji na mchanga 1:3, iliyoloweshwa kidogo sana. Ichukue mkononi uibinye: ibaki donge bila kutoa maji kati ya vidole. Ikichuruzika imezidi maji, ikimeguka imepungua. Isukume kwa tabaka, ukiigonga kwa kipande cha mbao ngumu na nyundo, kuanzia nyuma kuja mbele, mpaka mlio wa nyundo ubadilike kutoka mzito kuwa mkavu. Acha saa 48 nyingine ndipo ufungue mzunguko unaofuata. Hesabu siku nne au tano kwa mzunguko, kwa hiyo wiki tatu kwa upande wote. Fundi anayekuambia siku mbili hajawahi kusubiri zege.

Vifaa kwa vipande vyote vinane: saruji mifuko 24, mchanga mita za ujazo 1.8, kokoto mita za ujazo 2.7. Humo tumeshahesabu ile mota ya kushindilia kwenye pengo na upotevu kidogo. Udongo wa kufukia urudishwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe.

Jambo moja la kumuuliza mhandisi kabla ya yote: je, udongo ni wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi? Kama ndio, kuongeza kina upande mmoja tu kunaweza kuleta shida. Upande huo utatulia na pande nyingine tatu zitaendelea kupanda na kushuka, na ufa utahamia pale zege jipya linapokutana na msingi wa zamani.

SWALI: Matofali ya msingi yanayoonekana nje yanageuka unga. Rangi inabanduka na kuna chumvi nyeupe. Tulipiga lipu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, sasa unyevu umepanda mpaka usawa wa swichi. Kwa nini?

Kwa sababu lipu hiyo ilizuia maji kutoka, haikuyazuia kuingia. Tofali hunyonya maji ardhini kama utambi. Maji yakifika hewani hukauka na kuacha chumvi yake ndani ya vitundu vya tofali. Chembe za chumvi hukua, hulisukuma tofali kutoka ndani, nalo humeguka. Ulipoziba uso wa chini, maji yalipanda kutafuta mahali pengine pa kukaukia.

Angalia kwanza kama ile nailoni iliyowekwa chini ya ukuta wakati wa kujenga imefukiwa. Ardhi, baraza au kitanda cha maua vinatakiwa viwe chini yake kwa sentimita 15 au zaidi. Nyumba nyingi zilijengwa sawasawa zikaharibiwa na udongo uliolundikwa baadaye. Hapo tiba ni koleo na toroli.

Matofali yaliyokwisha kabisa yabadilishwe, mawili kwa wakati mmoja, na kati ya tundu na tundu yabaki yasiyopungua matatu mazima. Kata mota kwa tindo na nyundo ndogo. Nyundo kubwa inatikisa na yale mazima. Weka tofali lisilo na matundu, lililoloweshwa, tandika nailoni mpya juu yake ikipishana na ya jirani kwa sentimita 15, na kiungo cha juu kishindiliwe kwa ile mota kavukavu tuliyoieleza. Saa 48, kisha nenda kwa mengine.

Ikiwa matofali ni mazima lakini hakuna nailoni, kuna dawa ya krimu inayosukumwa kwenye matundu ya milimita 12, yaliyotobolewa kwenye mstari wa mota kila sentimita 12. Inafanya kazi kwenye ukuta uliojaa. Kwenye tofali lenye uwazi ndani, krimu hudondokea kwenye uwazi huo.

Lipu yote yenye chumvi bandua mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu; chumvi iliyomo itaendelea kuvuta unyevu wa hewani hata maji ya ardhini yakikatwa. Halafu vumilia. Ukuta hukauka taratibu, mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na ukuta wa sentimita 15 utataka nusu mwaka. Kwa muda huo paka chokaa, si rangi ya mafuta.

SWALI: Sakafu ya sebule inalia kama ngoma ukiigonga, na imeachana na ukuta kwa sentimita 1. Ni msingi?

Si msingi. Ukuta uko palepale, jamvi, yaani zege la sakafu, ndilo lililoshuka, kwa sababu kifusi cha chini yake hakikushindiliwa. Kusukuma mota ndani kupitia matundu husaidia pengo likiwa dogo na kifusi kimeshamaliza kushuka. Vinginevyo vunja eneo linalolia, toa kifusi kilicholegea, rudisha kwa tabaka za sentimita 15 zilizoloweshwa kidogo na kushindiliwa, tandika nailoni, mwaga zege la sentimita 10. Usilifunge jamvi kwenye ukuta. Acha mwanya mwembamba, kila kimoja kitembee chake.

SWALI: Kuna mti mkubwa mita 4 kutoka nyumbani. Niukate?

Inategemea nani alitangulia, nyumba au mti, na udongo gani. Kwenye kichanga mti hausumbui sana, labda mizizi iingie kwenye mabomba. Kwenye mfinyanzi mti hunyonya maji na udongo husinyaa. Lakini mti uliokuwapo kabla ya nyumba ukikatwa ghafla, udongo uliokuwa mkavu miaka yote hunywa maji, huvimba na kuinua msingi. Punguza matawi kwa awamu, ukipima nyufa, na mpatie mhandisi vipimo kabla ya kushika msumeno. Miti mipya ipandwe mbali, umbali usiopungua urefu itakaofikia.

SWALI: Nguzo ya baraza imepasuka chini, nondo zinaonekana zina kutu. Fundi anataka kuziba kwa lipu.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana zege limepasuka. Lipu itarushwa vilevile.

Egemeza paa kwanza kwa jeki au mirunda imara. Bomoa zege lililolegea mpaka ufike kwenye chuma safi, na upite nyuma ya nondo kwa sentimita 2 ili zege jipya liizunguke. Isugue mpaka ing'ae, kisha upime unene. Nondo ya 12 iliyobaki 10 inaonekana nzima kwa macho, kumbe imepoteza karibu asilimia 30 ya nguvu yake. Hiyo ifungiwe nyingine kando, zikipishana sentimita 60 juu na chini ya sehemu iliyoliwa. Funga mbao, mwaga zege lenye kokoto ndogo za milimita 10. Kwa sehemu iliyo ardhini nondo ifunikwe na zege lisilopungua sentimita 5, au 7.5 ikiwa linamwagwa moja kwa moja kwenye udongo bila mbao. Lifunike kwa gunia na ulimwagie maji siku saba.

SWALI: Vipimo vyangu havijabadilika kwa miezi kumi. Sasa nazibaje? Nimeambiwa epoksi ndiyo dawa.

Epoksi ni gundi ya zege: mkanda, nguzo, ukuta wa zege. Kwenye matofali ni hasara, kwa sababu gundi itakuwa imara kuliko tofali na ufa utajitokeza kandokando yake.

Ukuta wa matofali unashonwa. Kata mifereji kwenye mistari ya mota, kina sentimita 3, ikivuka ufa na kwenda sentimita 50 kila upande. Rudia kila baada ya kozi (safu) mbili kwa matofali makubwa ya saruji, yaani sentimita 45 hivi. Safisha vumbi kwa maji. Sukuma mota ya 1:3 nyuma ya mfereji, ingiza nondo ya milimita 6 isiyoshika kutu, funika kwa mota tena. Ufa wenyewe ufungue kwa tindo uwe na umbo la V, upana sentimita 2, uloweshe, ujaze kwa mota isiyo kali, 1:5. Juu yake tandika wavu wa lipu wa upana wa sentimita 30, lipu ikamate kupitia matundu yake. Misumari yako mitatu iache palepale, vichwa vikiwa nje ya lipu.